Shajara ya mradi: proksi ya maktaba yetu hapa Tanga na kila kilichoigomesha

Naandika hii kwa wenzangu wa maktaba ndogo ambao na wao siku moja wataambiwa "hebu fanyeni wanafunzi wasome wakiwa nyumbani", bila kupewa mtu wala fungu. Mimi ni mkutubi, sio fundi wa mitandao, mtu wetu wa Tehama aliondoka Desemba na kiti chake mpaka leo kipo wazi. Jina la chuo naliacha pembeni, kwenye mifano nitaandika chuochetu.ac.tz. Kila hatua ikiisha naongeza hapa chini.

6 Februari 2024: tulipo sasa

Majarida tunayapata kupitia COTUL (umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania) na mengine tumelipia wenyewe, na karibu yote yanatutambua kwa IP ya chuo, ile namba ya anwani yetu kwenye intaneti. Yaani mchapishaji hajui jina lako wala namba yako ya usajili, anaangalia ombi limetoka IP gani, ikiwa ni ile tuliyomwandikia anafungua mlango, ikiwa ni ya bando lako la simu anakuonyesha bei ya makala kwa dola. Na wanafunzi wetu miezi mingi wako fildi, Muheza, Korogwe, Lushoto, wengine Pangani huko, ndiko wanakoandikia ripoti.

Waliobaki mjini wamejipa dawa yao, saa mbili usiku utawakuta wamejipanga kwenye baraza nje ya ukuta wanadaka Wi-Fi ya maktaba, mbu nao wanapata riziki. Mzee wa getini ndiye aliyenisukuma kuanza kwa kweli, alinisimamisha akaniambia "Madam, hawa watoto wako watakufa malaria kwa ajili ya kusoma."

Dawa ni proksi, kompyuta moja inakaa ndani ya mtandao wa chuo, mwanafunzi anajitambulisha kwake akiwa popote, halafu yenyewe inaenda kwa mchapishaji kwa niaba yake ikiwa na IP yetu. Hinari (mpango wa WHO wa majarida ya afya) sikuigusa, ina mlango wake na nywila yake ya chuo.

Gharama: PC iliyotumika yenye RAM GB 8, sh. 450,000. UPS tulikuwa nayo, betri ilikuwa imevimba kama andazi, mpya sh. 55,000.

13 Februari: Squid, siku sita nimezichoma

Nilianza na Squid, programu ya proksi, kwa sababu ni ya bure na mafunzo yapo mengi. Kuiweka kwenye Linux ni dakika kumi, poti (mlango wenye namba kwenye mashine) 3128, nywila nikatengeneza kwa htpasswd, kwenye laptopu yangu nyumbani Raskazone ikafunguka mara moja, nikapiga vigelegele peke yangu.

Tatizo la kwanza ni simu. Squid inataka brauza iambiwe "pitia proksi hii", na kwenye Android mipangilio hiyo unaiweka kwa kila Wi-Fi unayoungana nayo, ukiwa kwenye data ya simu inabidi uingie kwenye APN, mipangilio ya data ya laini yako, uanze kuhariri. Wanafunzi wetu asilimia kubwa wanasoma kwenye simu na wanatumia bando. Nilikaa na vijana watano tukajaribu, wawili walipoteza intaneti kabisa kwa kuharibu APN, mmoja akaniuliza kwa upole "Madam, kwani haiwezi kuwa linki tu, nabonyeza basi?" Nilikasirika kidogo ila alikuwa sahihi kuliko mimi.

Tatizo la pili ni aibu yangu na naiandika yote ili mtu asirudie. Usiku wa tarehe 10 nilikuwa natesti nikachoka na ile nywila kuniuliza kila mara, nikaandika `http_access allow all`, yaani ruhusu kila mtu, juu kabisa ya faili la mipangilio, nikasema nitaitoa baadaye. Squid inasoma sheria kutoka juu kwenda chini na ya kwanza inayolingana ndiyo inayofuatwa, kwa hiyo masharti yangu yote ya chini yakawa mapambo. Nikaenda kulala. Asubuhi intaneti ya chuo inatambaa kama konokono, nafungua access.log, daftari la waliopita, naona mistari ya `TCP_TUNNEL/200` inapita haraka mpaka huwezi kuisoma, IP za nchi ambazo sina mwanafunzi wala shemeji, zinaenda kwenye tovuti za kamari na za barua taka. Kumbe kuna roboti zinazunguka mtandaoni saa zote zinabisha hodi kwenye 3128 kutafuta wazembe kama mimi.

Nilichomoa waya kwanza, kufikiri kukafuata. Barua pepe za chuo kizima zikaanza kukataliwa na wapokeaji kwa sababu IP yetu ilishaingia kwenye orodha ya wasumbufu, ikatuchukua siku mbili kuomba tutolewe. Mkuu wa masijala mpaka leo akiniona anasema "maktaba, leo barua zinaenda?"

27 Februari: tumehamia EZproxy

Ile linki tu ya kubonyeza ndiyo kazi ya EZproxy. Aliitengeneza Chris Zagar mwaka 1999, OCLC, shirika la huduma za maktaba la Marekani, wakainunua 2008, na haimgusi mwanafunzi kwenye mipangilio ya simu yake hata kidogo, yenyewe inaandika upya anwani zilizomo ndani ya ukurasa ili kila anachobonyeza kirudi kupitia kwetu. Ina leseni ya kulipia kila mwaka na kwa dola, dokezo lilikaa kwa mhasibu wiki mbili, hapo sina la kuwafundisha zaidi ya kuanza mapema.

Kuweka ni rahisi, faili moja, `./ezproxy -m` inakutengenezea mafaili yanayokosekana, `./ezproxy -si` inaifanya iwake yenyewe mashine ikiwaka (hii ya pili usiiache, umeme wetu mnaujua). Kazi yote iko kwenye config.txt, kila mchapishaji ana stanza yake, jina, anwani ya kuanzia, halafu hosti na domeni (majina ya tovuti zake) zinazoruhusiwa. OCLC wanazo stanza tayari za wachapishaji wengi, nakili usijitungie.

Kilichokwama: usipoiambia kitu inatumia poti, ukurasa wa kuingia uko poti 2048 na kila hosti ya mchapishaji inapewa poti yake. Nyumbani kwangu sawa. Kijana aliyeko fildi kwenye ofisi moja huko Korogwe akaniambia inazunguka tu, kumbe fayawoli ya pale imeacha 80 na 443, poti za kawaida za tovuti, peke yake. Kwa hiyo poti hazifai, inabidi twende kwa majina.

2 Machi: nyota moja haifiki mbali

Kwa njia ya majina, mchapishaji anageuka kuwa kijina mbele ya jina lako, kwa hiyo unahitaji rekodi ya nyota kwenye DNS (daftari linalogeuza jina la tovuti kuwa IP), `*.mbali.chuochetu.ac.tz`, na cheti cha SSL (kinacholeta kufuli kwenye brauza) cha nyota hiyohiyo. Let's Encrypt wanatoa bure.

Hapa nilipoteza Jumamosi nzima. Cheti kimeingia vizuri, ukurasa wa kuingia una kufuli, ukibonyeza jarida brauza inapiga kelele kwamba cheti si cha tovuti hii. Nimefuta, nimeomba upya, nimefuta tena. Sababu ni kwamba nyota inasimama badala ya kipande kimoja tu, na `www.jstor.org.mbali.chuochetu.ac.tz` mbele ya mbali ina vipande vitatu. Dawa ni mstari mmoja, `Option HttpsHyphens`, nukta zinageuka vistari inakuwa `www-jstor-org.mbali.chuochetu.ac.tz`, kipande kimoja, nyota inafunika. Saa tisa nzima kwa mstari mmoja.

Jingine, cheti cha nyota Let's Encrypt hawakupi mpaka uthibitishe jina ni lako kwa kuweka rekodi ya TXT, maneno wanayokupa wao, kwenye DNS. Niliiweka kwa mkono kwenye paneli ya jina la chuo, ikapita, nikafurahi. Furaha hiyo, naongeza baadaye, ilikuja kunirudia Mei.

14 Machi: kimya kimya

Wanafunzi 140 wameingia wiki hii. Ilisimama mara moja, messages.txt ikasema nimemaliza idadi ya hosti, maana ukiiacha ilivyo ni 200 na mchapishaji mmoja anaweza kula hosti nyingi kuliko unavyodhani. Nimepandisha MaxVirtualHosts hadi 1000. Baraza la nje limeanza kupata nafasi.

23 Machi: mtu mmoja kashusha jarida zima

Juzi usiku baada ya tarawehe nafungua barua pepe nakuta mchapishaji mmoja ametufungia chuo kizima, anasema kutoka IP yetu kuna mtu ameshusha makala zaidi ya elfu moja kwa saa mbili, na mpaka tueleze ni nani na tumemfanya nini hafungui.

Sawa, ni nani? Nafungua ezproxy.log, pale panapotakiwa kuwa jina la mtumiaji pana kistari. Kistari, kila mstari, kwa wiki tatu. Kumbe jina haliandikwi mpaka uweke `Option LogUser`, na mimi sikuiweka. Nikakumbuka niliweka `Audit Most`, ile inaandika nani kaingia saa ngapi kutoka IP gani kwenye mafaili ya tarehe, ndiyo iliyoniokoa, nikalinganisha muda na IP nikampata. Akaunti ya binti wa mwaka wa pili ambaye saa hiyo alikuwa kwao Handeni na simu yake haina hata bando. IP iliyoingia ni ya nje ya nchi.

Kosa halikuwa la binti. Nywila niliwapangia mimi kwenye user.txt, jina la kuingilia ni namba ya usajili, nywila ni jina la ukoo kwa herufi ndogo. Na orodha za matokeo, zenye namba na majina yote matatu, huwa tunabandika ubaoni na watu wanazipiga picha wanazirusha kwenye magrupu. Nilikuwa nimetundika ufunguo juu ya mlango.

Lakini si nilikuwa nimeweka kikomo? Nilikuwa nimeweka `UsageLimit`, MB 100 kwa muda fulani, nikijua mtu akipita atafungiwa. Alipita mara kadhaa na hakufungiwa. Nilisoma maelezo upya saa saba usiku na chai ya tangawizi, bila neno `-enforce` kile kikomo kinahesabu tu na kuangalia. Yaani nilikuwa nimeajiri mlinzi wa kuandika kwenye daftari idadi ya magunia yanayoibwa.

Nilichobadilisha, kwa mpangilio nilioufanya: `-enforce` ikaingia, `Option LogUser` ikaingia, majina na nywila za kwenye user.txt nikazifuta nikaunganisha EZproxy na Koha yetu, mfumo wa kuazimisha vitabu, kwa SIP (lugha ya mifumo ya maktaba kuulizana) ili nywila iwe ileile anayoangalilia vitabu alivyoazima na aibadilishe mwenyewe. Binti nilimpigia, "shikamoo Madam, nimefanya nini?" ndiyo salamu yake, nikamwambia hujafanya kitu mwanangu, mimi ndiye nimefanya. Mchapishaji nilimwandikia ukweli wote pamoja na marekebisho, akafungua baada ya siku mbili. Nadhani ukweli ulisaidia kuliko ile barua ya "tunachunguza" niliyokuwa nimeanza nayo.

13 Mei: nimehariri faili mara sita bure

Jana Jumapili simu zimeanza saa nne asubuhi, "proksi imekufa". Kweli ukurasa wa kuingia unafunguka, ukibonyeza jarida unasubiri mpaka unakata tamaa. Nikakumbuka Ijumaa niligusa stanza mbili, nikaamini mimi ndiye niliyeharibu, nikaanza kuhariri, nazima nawasha, nahariri tena, mpaka saa kumi.

Kumbe kebo za chini ya bahari za EASSy na Seacom zimekatika, intaneti ya nchi nzima inachechemea. Kwa sababu ukurasa wa kuingia uko hapahapa Tanga na mimi nilikuwa hapahapa, ulifunguka kama kawaida, kilichokwama ni safari ya kutoka hapa kwenda kwa wachapishaji ng'ambo. Ningetoa amri moja tu ya ping kwa tovuti yoyote ya nje ningejua kwa dakika moja.

Hasara yenyewe ni nyingine, katika zile hariri sita niliharibu stanza iliyokuwa nzima na sikuwa na nakala ya ile ya awali. Leo nimeiweka config.txt kwenye git, programu inayotunza kila toleo la faili, kila badiliko lina tarehe na maneno mawili ya sababu. Na ukutani nimebandika karatasi: KWANZA TAZAMA NJE.

1 Juni: siku 90

Cheti cha Let's Encrypt kinaishi siku 90. Nilikichukua 2 Machi, jana tarehe 31 kikafa, na wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuwa wanakabidhi ripoti Jumatatu. Kilichoniuma, Let's Encrypt walituma barua pepe za kukumbusha, tena mapema, ila zilienda kwa anwani ya yule mwenzetu aliyeondoka Desemba, maana skripti ya zamani niliyonakili ilikuwa na anwani yake na mimi sikuangalia.

Nimekihuisha kwa mkono, TXT tena kwenye paneli, nikaweka mafaili kwenye folda ya ssl. Cha kudumu ni kwamba paneli ya jina letu haina njia ya skripti kuingia, kwa hiyo ile `_acme-challenge`, jina inapokaa TXT ya uthibitisho, nimeielekeza kwa CNAME (rekodi inayosema "tazama kule") kwenye zoni nyingine ndogo ya DNS ambayo skripti inaweza kuiandikia. Sasa inajihuisha yenyewe kila siku 60, na barua zikaelekezwa kwa anwani ya maktaba ambayo tunaisoma watatu (nyongeza: barua hizo za kukumbusha Let's Encrypt waliziacha 2025). Hii ya anwani ya mtu mmoja, kaangalieni leo kwenye za kwenu, sitanii.

Gharama: sh. 0 na ugomvi mdogo nyumbani, nilikuwa nimeahidi kwenda Pangani.

19 Julai: IP waja leo waondoka leo

Mtoa huduma wetu wa intaneti alikuja kubadilisha vifaa tarehe 16, mafundi wastaarabu kabisa, wakaondoka, Wi-Fi ina kasi, kila mtu anashukuru. Saa moja baadaye proksi haionekani kutoka nje na majarida hayafunguki hata ukiwa ndani ya maktaba. Walitubadilishia IP bila neno.

Naingia kwenye ruta, upande wa nje inaonyesha 100.72 na kuendelea. Naenda kwenye tovuti ya kuangalia IP, inaonyesha nyingine kabisa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba anwani zinazoanzia 100.64 hadi 100.127 zimetengwa kwa watoa huduma kuweka wateja wengi nyuma ya IP moja. Kwa hiyo ile iliyoonekana kwenye tovuti tulikuwa tunaitumia na maduka na nyumba zisizojulikana idadi. Ningeikimbiza kwa wachapishaji, na nilishaanza kuandika barua, ningewafungulia majarida nusu ya Chumbageni, na proksi isingefikika vilevile maana kutoka nje hakuna njia ya kuingia.

Siku mbili za kupiga simu mpaka wakatupa IP ya kudumu ya peke yetu, tena mpya, ya zamani ilishapewa mtu. Nikabadilisha DNS, kosa langu jingine, rekodi nilikuwa nimeiwekea muda wa kukumbukwa wa sekunde 86400, yaani siku nzima, kwa hiyo baadhi ya simu ziliendelea kwenda IP ya zamani siku nzima. Sasa ni 300. Halafu barua kwa wachapishaji kumi na mmoja, wawili wamejibu ndani ya saa moja, sita leo, watatu bado kimya. Nimetengeneza jedwali, mchapishaji, anwani ya kuandikia, siku niliyoandika, siku aliyojibu, maana haitakuwa mara ya mwisho.

Gharama: IP ya kudumu sh. 60,000 kwa mwezi, simu sh. 8,000, bajaji kwenda na kurudi ofisini kwao mara mbili sh. 8,000 (risiti hakuna, mhasibu kaniangalia tu).

5 Septemba: linaloendelea

Wa mwisho katika wale wachapishaji watatu waliokuwa kimya alifungua baada ya wiki tano.

Kero ya sasa ni wachapishaji kuhamisha majukwaa. Mwanafunzi anaingia vizuri, anasoma muhtasari, akibonyeza PDF anaombwa dola. Angalia anwani juu ya brauza, ukiona kijina chetu `mbali` hakipo ujue ameshatoka nje ya proksi, maana jukwaa jipya lina domeni ambayo stanza yetu haijui. Nachukua ile domeni, natafuta stanza mpya ya OCLC, naweka, git, nawasha upya. Zimeshakuwa nne tangu Julai. Zamani nilikuwa naongeza domeni kwa kubahatisha, mara moja nikaweka pana mno mpaka watu wakawa wanafungua mambo yao binafsi kupitia kwetu, nimeacha.

Kila Jumatatu asubuhi nazima Wi-Fi ya simu, nawasha bando langu, nafungua PDF moja kwa kila mchapishaji, kumi na moja, robo saa na kikombe cha chai. Jumatatu iliyopita nimekuta mbili zimekufa kabla mtu hajanipigia, ni mara ya kwanza. Leo jioni nikapita getini, barazani kuna vijana watatu wamekaa na simu. Nikawauliza nyie proksi haijawafikia? Mmoja akacheka, "inafanya kazi Madam, tunaangalia mpira."